Luteni kanali wa dola 600

Jana lanchi kazini nilicheka mpaka soda ikanipalia. Tunabishana siasa, Mmarekani mmoja ananiambia seneta wa bunge la jimbo hapa Texas analipwa dola 600 kwa mwezi, nikajua ananipiga kamba, nikagugo palepale, kumbe kweli bana, 7,200 kwa mwaka na imo kwenye katiba yao ya jimbo. Yaani mimi mbeba boksi namzidi mheshimiwa!

Sasa mchukue Brian Birdwell. Luteni kanali, Septemba 11, 2001 alikuwa ndani ya Pentagon, makao makuu ya wizara yao ya ulinzi, ndege ilipoingia, akaungua asilimia 60 ya mwili, operesheni 39. Kastaafu jeshi, 2010 akagombea useneta wa jimbo kwenye uchaguzi mdogo na akapita. Mtu wa hivyo kwetu Tanzania angekaa anasubiri simu ya uteuzi, u-DC kwanza, halafu u-RC, akichoka huko ndo ubunge na V8 na kiinua mgongo. Huyu bunge lake kikao cha kawaida ni siku 140 tu, tena miaka ya namba witiri, limeisha hilo watu warudi kwao. Na majeraha yote yale hayakumpa msamaha, wapinzani walimfukua kwamba 2006 alipiga kura Virginia, kwa hiyo ile miaka mitano ya ukaazi Texas anayotakiwa kuwa nayo seneta kaipata wapi? Thubutu kumuuliza mstaafu wa jeshi swali hilo kwetu, labda umuulize uraia, hapo ndo tunapopaweza.

Najua mnakuja, "huyu keshalewa maji ya Wazungu." Tulieni basi. Siasa za Birdwell sizitaki, ni Republican wa kulia kabisa, ningekuwa na kura nisingempa. Na janja yao naijua, posho ya siku ilikuwa dola 221 mwaka 2023, na pensheni yao wakati huo ilipigwa kwa mshahara wa jaji, uzeeni wanajirudishia. Halafu kwa dola 600 mlalahoi hagombei, wanabaki mawakili, wafanyabiashara na wastaafu wenye pensheni nyingine kama huyu huyu. Haya, hizo zote nimewapa, ila hata hiyo janja imeandikwa na yeyote anaisoma.

Wala sisemi kwetu hamna watu. Kikwete naye luteni kanali, 1992 vyama vingi vilipokuja akavua gwanda akabaki na siasa, 2015 muda wake umeisha akakabidhi ofisi akaenda zake. Hawa mabingwa wa demokrasia Januari 6, 2021 wamevunja madirisha ya bunge lao wenyewe, kwa hiyo mtu asinione nimekuja kuwasujudia.

Mimi nazungumzia mshahara tu jamani. Mwenye karatasi rasmi ya malipo ya mbunge wetu, mshahara, posho, mafuta, kila kitu, siyo zile za kijiweni, aiweke hapa tuisome, halafu ndo aniite limbukeni.