Kinyesi cha koala kama tiba: kimfae nani?

Koala wa Australia huishi kwa majani ya mikaratusi, chakula chenye sumu nyingi na protini haba. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana kuna mfuko wenye urefu wa mita mbili hivi, ambamo bakteria huchachusha nyuzinyuzi za majani hayo. Koala hazaliwi na bakteria hao. Mtoto akikaribia miezi sita hutoa kichwa kwenye mfuko wa mama yake, akala kinyesi laini anachotoa mama wakati huo, tofauti kabisa na vigololi vikavu vya kila siku. Hapo ndipo anapoupata urithi wake.

Mwaka 2013, huko Cape Otway katika jimbo la Victoria, koala walizidi hadi wakamaliza majani ya mkaratusi uitwao Eucalyptus viminalis na kuanza kufa njaa. Mamlaka ziliwaua kwa sindano karibu 700 waliokuwa hoi. Kinachouma ni kwamba jirani kulikuwa na Eucalyptus obliqua, mkaratusi mwingine ambao koala wengine huula, lakini wengi wa pale hawakuugusa.

Mwaka 2019, watafiti Michaela Blyton, Ben Moore na wenzao walitangaza kwamba walikuwa wamewamezesha koala vidonge vyenye kinyesi cha wenzao wanaokula obliqua. Bakteria wa tumboni walibadilika, na ambao mabadiliko yao yalikuwa makubwa ndio walioila zaidi obliqua. Wanaotaka kuwahamishia koala kwenye misitu mingine hupata matumaini hapa, na wana haki.

Ila si kila koala aliitikia. Tena kazi ya kuondoa sumu ni ya ini zaidi: ramani ya vinasaba vya koala ya mwaka 2018 ilionyesha wingi wa vinasaba vya vimeng'enya vya kazi hiyo. Bakteria peke yao hawatoshi kueleza kwa nini huyu anakula mti huu na yule anaukataa. Na kinyesi kisichopimwa kinaweza kubeba maradhi.

Kwangu, anayestahili kidonge hicho kwanza ni koala anayetibiwa klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria. Antibayotiki zinazomponya huweza kuua pia bakteria wanaomsaidia kusaga majani, akadhoofika hata kufa huku chakula kipo mbele yake. Kuwagawia koala wote wa Otway ni jambo jingine: ni kuwafungulia msitu wa pili waumalize kama wa kwanza. Pale, vipandikizi vya uzazi wa mpango ambavyo Victoria imeshawawekea majike vinagusa tatizo lenyewe.