Nyeusi Tii

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mlevi. Mlevi ana akili ya kwenda mahali bia inapouzwa, akalipa, akanywa, akarudi nyumbani kulala. Mimi nimetumia miezi minne, ndoo mbili, sufuria inayotosha kumwogeshea mtoto na subira yote ya mke wangu, ili nipate kinywaji ambacho mtu mwenye busara angekipata kwa kunyoosha mkono juu ya kaunta. Na chanzo cha hayo yote ni wekundu.

Nieleze huo wekundu, maana ndio ulioniharibia maisha. Bia nyeusi ukiimimina kwenye glasi, ukaiweka mezani, utaapa kwamba ni nyeusi. Sasa inua glasi hiyo mbele ya taa na utazame ukingo wake wa chini, pale kinywaji kinapokuwa chembamba, nawe utaona mng'ao mwekundu unakuchungulia. Kumbe haikuwa nyeusi hata kidogo. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, inayotumia giza la baa kudanganya watu wazima. Jioni niliyogundua jambo hilo nilijiona mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia kwa miaka yote ya utu uzima wake, nikatangaza mbele ya mke wangu na kaka yake kwamba nitapika bia yangu mwenyewe, nyeusi tii, ambayo hata tochi haitaipenya. Mke wangu alinyamaza kwa namna ambayo wenye ndoa wanaijua. Shemeji aliuliza neno moja tu: "Lini?"

Nilianza kwa kusoma, na huko ndiko nilikopata fedheha ya kwanza. Nilidhani bia nyeusi hutoka kwenye nafaka nyeusi, kumbe sehemu kubwa ya kimea chake, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ni kile kile cheupe kinachotengeneza bia ya rangi ya dhahabu. Zamani wapikaji wa London walitumia kimea cha kahawia kutengeneza pota, aina yao ya bia nyeusi, mpaka walipoanza kupima sukari kwa haidromita wakagundua kuwa kimea hicho kinatoa sukari kidogo kuliko kile cheupe; wakahamia kwenye cheupe, mahesabu yakakaa sawa, lakini bia ikapauka. Ndipo mwaka 1817 bwana mmoja aitwaye Daniel Wheeler alipopata hataza ya pipa la kuzunguka la kukaangia kimea, ambalo lilikifanya kiwe cheusi bila kugeuka mkaa, na kiasi kidogo tu cha kimea hicho kikatosha kutia weusi pipa zima. Yaani kwa zaidi ya miaka 200 weusi wa bia umekuwa kama rangi ya nywele ya mzee: ipo, inapendeza, lakini haikuota hapo. Nilikasirika kiasi cha kutaka kuacha, ila kimea kilikuwa kimekwisha nunuliwa: kilo 6.5 za kile cheupe, gramu 700 za shayiri ya uji na gramu 800 za kile kilichokaangwa, jumla kilo nane, kwa ajili ya lita 20.

Kimea hakisagwi, hupasuliwa. Maganda yake hubaki makubwa ili baadaye yawe chujio, na ukiyageuza kuwa unga umejichimbia kaburi. Sentensi hiyo niliisoma vizuri, nikaielewa, kisha nikasaga nusu ya kimea kama unga wa kuandalia wageni.

Siku ya kupika niliamka saa kumi na moja alfajiri. Kazi ya kwanza ni kuloweka kimea kwenye maji yenye joto la nyuzi 67 na kulishikilia joto hilo kwa saa nzima, ili vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea vigeuze wanga kuwa sukari. Joto likipanda mno, vimeng'enya vinakufa. Likishuka mno, vinafanya kazi kama watu waliocheleweshewa mshahara. Nilipima nikakuta 72. Nikatia maji baridi, ikawa 61. Nikawasha moto, ikawa 70. Kwa saa nzima nilikuwa nimeinama juu ya sufuria ile, kipimajoto mkononi, nikienda juu na chini kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, na nikiri kwamba kati ya hizo dakika 60, zile zilizokuwa kwenye nyuzi 67 kamili zilikuwa kama nne.

Kisha likaja suala la kuchuja, na unga wangu ukadai haki yake. Nilifungua bomba la chini ya ndoo nikitarajia mto. Likatoa matone matatu, likatafakari, likatoa la nne. Shayiri ya uji ilikuwa imefanya kazi iliyozaliwa kuifanya, yaani kuwa uji, na ule unga ulikuwa umeziba kila tundu, hata ikabidi nikoroge, nipulize kwa mpira, nibembeleze, nitukane kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto alikuwa anasoma chumba cha pili. Saa mbili na nusu zilipita. Na hapo mahesabu yakaanza kunisuta, kwa sababu nilikuwa nimetumia lita 34 za maji: kimea kilifyonza lita nane na kukataa kuzirudisha, na jiko lilikuwa bado halijachukua zake nne za mvuke. Hakuna mfanyabiashara duniani ambaye angekubali masharti ya aina hiyo.

Kuhusu kuchemsha sitasema mengi. Maji yale matamu huchemshwa kwa saa moja pamoja na hopsi, ambayo ni maua makavu yenye uchungu wa kuuzima utamu, na mpishi anaonywa asiyaache maji hayo peke yake hata kidogo. Nilienda kuchukua kijiko. Niliporudi, povu la rangi ya chokoleti lilikuwa limekwisha toka kwenye sufuria, limeuzima moto, limeshuka kwenye jiko na limeanza safari ya kuelekea mlangoni. Nilipanguza mara tatu. Hadi wiki iliyofuata, aliyepita mbele ya jiko aliendelea na safari, lakini ndala yake ilibaki pale pale.

Baada ya kuchemka, maji yale lazima yapoe haraka hadi nyuzi 20, kwa sababu hamira ikitiwa kwenye joto kali inakufa, na yakipoa polepole yanakaribisha vijidudu vya kila ukoo. Njia ya haraka niliyokuwa nayo ni kuitumbukiza sufuria ndani ya bafu lililojaa maji baridi. Nilikuwa nimepiga magoti pale, nikikoroga kwa mwiko uliotakaswa, mke wangu alipofika mlangoni na taulo begani.

"Baba Neema," akasema, "nataka kuoga."

"Mama Neema, imebaki nyuzi 14 tu."

Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akaenda kuoga kwa jirani. Jirani alipomwuliza kama nyumbani maji yamekatika, alijibu kwamba maji yapo ila mume wake anayaogeshea bia.

Nilitia pakiti mbili za hamira, nikafunga ndoo, nikachomeka juu ya mfuniko kile kidude chenye maji ambacho huitoa nje hewa ya ukaa bila kuruhusu hewa ya nje iingie. Kufikia asubuhi kilikuwa kinabubujika kila baada ya sekunde moja, kwa sauti ya mtu mwenye kwikwi aliyejificha kabatini. Nilijivuna mno. Nilimwita shemeji aje asikilize. Alikaa mbele ya ndoo kwa dakika kumi akiwa na heshima zote, kisha akauliza kama inaweza kunywewa sasa hivi.

Usiku wa pili kwikwi ilikoma. Bia yenye sukari nyingi namna ile huumuka kwa hasira, na povu lilikuwa limepanda hadi kwenye kidude, likaziba njia, na hamira haikusimamisha kazi kwa sababu ya tatizo la usafirishaji. Saa nane za usiku tulisikia mlio kama wa kiti kizito kilichoangushwa. Niliwasha taa nikaukuta mfuniko juu ya kabati, ukuta umepakwa rangi ya kahawia kuanzia kimo changu kwenda juu, na kwenye dari duara kubwa lililokuwa likidondosha tone moja moja, kwa utaratibu, ndani ya ndoo lilikotoka. Katika kumtuliza mke wangu nilimweleza kwamba sisi tuna bahati, kwani tarehe 17 Oktoba 1814 huko London pipa kubwa la pota lilipasuka, mafuriko ya bia yakabomoa nyumba na watu wanane wakafa. Sasa najua kwamba zipo taarifa za kihistoria ambazo hazifai kutolewa saa nane za usiku.

Siku ya kumi nilipima kwa haidromita. Hiki ni kijiti cha kioo kinachoelea, na kadiri kinywaji kinavyokuwa na sukari nyingi ndivyo kinavyosimama juu zaidi; nilipoanza kilisoma 1.085, na nilitarajia kishuke hadi karibu na 1.024. Watu wanaopika bia nyeupe husoma mstari kwa kuutazama kupitia kinywaji chenyewe. Mimi, kwa kuwa nilichagua giza, sikuona chochote chini ya uso wa bia, ikabidi nifumbe jicho moja na kukisia pale povu linapokigusa kioo. Kilisoma 1.040. Hamira ilikuwa imechoka na kulala. Niliitikisa ndoo taratibu, nikaifunika blanketi ipate joto, na blanketi hilo lilikuwa la kitanda chetu, jambo lililozua kikao kingine cha familia.

Hata hivyo, 1.040 hainiumi kama kile nilichokiona nilipoinua ile sampuli mbele ya taa. Wekundu. Pale pale ukingoni, unanichungulia, baada ya gramu 800 za kimea kilichokaangwa na dari moja.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna maelekezo yaliyoniambia nilifanye kwa kiasi hicho. Nilichukua gramu 300 nyingine za kimea cheusi kuliko vyote, nikaziloweka kwenye maji baridi usiku kucha, nikachuja, nikachemsha yale maji ili yatakasike, yakapoa, nikayamimina ndani ya ndoo. Yalikuwa meusi kama wino. Niliyaona yakizama na kusambaa, nikafarijika kama mtu aliyelipa deni. Siku iliyofuata nilionja kijiko kimoja, na ladha ilikuwa ile ile ya kulamba sufuria iliyosahaulika jikoni tangu asubuhi.

Siku ya 21 haidromita ilisoma 1.024, na ukifanya hesabu yake inakuwa kilevi cha asilimia 8. Nilipochuja masimbi ya chini na kujaza chupa, pamoja na gramu 110 za sukari ya kuzalisha gesi, nilipata chupa 33 za nusu lita, yaani lita 16 na nusu kutoka kwenye lita 34 za maji. Nilizipanga kwenye kreti, nikalizungushia lile blanketi endapo mojawapo itaamua kupasuka, na blanketi hilo sasa lilikuwa la bia kisheria, kwa kuwa mke wangu alikuwa amekataa kulilalia tena.

Kisha ikaja adhabu ambayo hakuna anayekuonya ipasavyo. Bia ya uzito ule hainywewi mapema. Huachwa miezi kadhaa ili makali ya kimea kilichoungua yatulie na pombe iache kuchoma koo. Miezi mitatu. Kwa miezi mitatu nyumba yenye chupa 33 za bia ilikuwa na baba aliyekuwa akinywa maji. Shemeji alipita kila Jumamosi, akasalimia watoto, akaulizia afya za wazazi wangu kwa uangalifu mkubwa, kisha akamalizia kwa kulitazama blanketi na kusema, "Bado?"

Juzi tulifungua ya kwanza. Ilipumua vizuri, ikamiminika taratibu kama mafuta, ikavaa povu la rangi ya kahawia ambalo lilikaa juu ya glasi bila kuonyesha nia ya kuondoka. Ile ladha ya sufuria ilikuwa imelainika ikawa kahawa kali na chokoleti isiyo na sukari, na kwa mbali kitu kama zabibu kavu. Shemeji alikunywa, akafumba macho, akasema hajawahi kunywa kitu kama hiki, na mkono wake wa pili ulikuwa umekwisha shika chupa nyingine. Mimi sikuwa nimeonja zaidi ya tone. Nilikuwa nimezima taa zote, nikaiinua glasi, nikaimulika kwa mshumaa, na mshumaa haukupita. Nikamulika tena. Giza tupu. Miezi minne, na mbele yangu palikuwa na weusi ambao Wheeler mwenyewe angeuvulia kofia.

Mke wangu, ambaye jioni nzima alikuwa kimya, alichukua simu yake, akawasha tochi, akaisogeza chini ya kitako cha glasi, akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Baba Neema," akasema kwa upole, "hapa pembeni, si pekundu hapa?"

Nimemweleza kwamba tochi za simu za siku hizi zina mwanga mkali kupita haki, na kwamba mwaka 1817 hazikuwepo. Bado ameshika ile glasi, na ninapoandika haya bado anamulika.