Linavuja, na Oili Inaongezeka

Wengine hufuga njiwa, mimi nafuga lori la jeshi. M35A2, la Kimarekani, lile la tani mbili na nusu lenye tairi kumi. Ukoo huu wa malori ulianza kutoka kiwandani mwaka 1950, na nadhani tangu siku hiyo hakujakosekana mtu aliyelala chini ya mojawapo akiuliza, "Hii nayo inatokea wapi tena?" Safari hii zamu ni yangu.

Kinachonichosha si oili. Ni watu. Kila anayefika hapa akaona doa chini ya injini, anajishika kiuno na kutoa ile kauli yao: "Lori la jeshi lisipovuja, ujue oili imekwisha." Kisha anacheka peke yake, utadhani ndiye aliyeitunga. Wenye Land Rover wanaisema, wenye Bedford wanaisema, hata asiye na baiskeli anaisema. Kauli hii imewafanya watu wavivu. Injini hii haikuundwa ili ivuje. Ina sili na gasketi za kuziba maungio, ina njia ya kupumulia. Ikivuja, kuna kitu kimechoka, au kuna mtu alipita na spana bila akili.

Huyo wa spana tumzungumzie kidogo. Jirani yangu ana ushauri mmoja kwa matatizo yote ya ulimwengu: kaza. Gasketi nyingi za magari haya ya zamani ni za koki, lile gome laini la vizibo vya chupa. Lori likisahauliwa ghalani miaka na miaka, koki inakauka, inasinyaa, bolti zinabaki zimelegea, oili inapata upenyo. Hapo ukikaza kidogo kidogo, kwa kuzunguka bolti zote, unaweza kusalimika. Lakini wenzetu wanakaza mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Chukua kava lolote la bati lililokazwa namna hiyo, lilaze kifudifudi juu ya kioo, kisha chungulia: matundu ya bolti ndiyo yanayogusa, na kati ya tundu na tundu mwanga unapita. Weka gasketi mpya hapo, itavuja kabla hujanawa mikono. Dawa ni kigongo na nyundo ndogo, kugonga taratibu mpaka mdomo wote ulale sawasawa. Kazi ya kukaa kitako, isiyo na sifa. Jirani akipita anauliza kwa nini nagongagonga badala ya kukaza.

Halafu kuna mabingwa wa sili ya nyuma. Oili ikidondoka tu pale injini inapokutana na gia boksi, hukumu imeshaiangukia krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni: "Sili ya nyuma ya krankishafti hiyo, shusha gia boksi." Shusha gia boksi! Wanasema kama vile nimeambiwa nishushe pazia. Hawajui kwamba oili haina haya, inaweza kutoka juu kabisa kwenye kava la tapeti, ikateleza nyuma ya injini, ikasukumwa na upepo wa safari, ikaja kudondokea mahali pasipohusika kabisa. Wakati mwingine si hata oili ya injini. Chovya kidole, nusa. Oili ya gia ina harufu nzito ya salfa, huwezi kuisahau hata ukitaka, na inakaa kwenye nguo hata zikishafuliwa. Hapo umeokoa wiki zima la kulala chali chini ya chuma, kwa pua tu.

Njia ya haki ni kuosha injini yote, kuikausha, kuinyunyizia poda, kuiwasha kidogo, kisha kutazama mstari wa kwanza wa unyevu unachorekea wapi. Ndivyo nilivyofanya. Mama watoto alinikuta chini ya lori nimeshika kopo la poda ya mtoto, uso wote mweupe. Akanitazama. Akarudi ndani. Hajaniuliza chochote hadi leo, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Poda ilisema: kila mahali. Ikivuja sehemu moja, tafuta sili. Ikivuja kila mahali, acha sili, tafuta pumzi. Gesi kidogo hupita kwenye ringi za pistoni na kuingia chini ya injini, na ringi zikichakaa inapita nyingi. Lazima iwe na pa kutokea. Bomba la kupumulia likiziba kwa masizi na uchafu, gesi inatafuta mlango wake yenyewe, na mlango rahisi ni sili. Unabadilisha sili, inasukumwa tena, unamtukana aliyeuza sili. Wanajeshi nao walichangia vituko: baadhi ya magari yao yana kitasa kwenye dashibodi cha kufunga upumuaji huo wakati wa kuvuka maji ya kina, ili maji yasiingie. Ukimaliza kuvuka unatakiwa kufungua. Sasa mpe raia gari lenye kitasa asichokijua, aendeshe nacho kikiwa kimefungwa, kisha aje kulalamika kwamba sili za siku hizi ni feki.

Basi nikazibua njia ya pumzi, uvujaji ukapungua. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ili nijue nimepoteza kiasi gani. Oili imepanda.

Nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Imepita alama ya juu. Lori linavuja mchana na usiku, na oili inaongezeka. Jirani akasema hiyo ni neema. Nikampa kijiti anuse: dizeli tupu. Injini hii ni ile inayokunywa kila kitu, dizeli, mafuta ya ndege, mafuta ya taa, hata petroli ikibidi, silinda sita, lita 7.8, turbo inapiga mluzi mpaka mbwa wanajibu. Pampu yake ya sindano, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, inalainishwa na oili ya injini yenyewe. Viungo vya ndani ya pampu vikichoka, dizeli inavujia kwenye oili kimyakimya. Nje huoni tone. Oili inakuwa nyepesi kama chai ya deni, na nyepesi haiwezi kushika shinikizo.

Na hapo ndipo mshale wa geji ya shinikizo la oili ulipoanza uchawi wake. Asubuhi injini ikiwa baridi unasimama juu kwa adabu. Injini ikipata moto, ukisimama kusubiri njia ifunguke, unashuka. Unashuka. Abiria anasema, "Huo mshale vipi?" Namwambia atazame nje. Makenika wengi wana kipimo cha haraka: shinikizo la pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Mimi nilikuwa nahesabu chini ya hapo, huku nikimwomba Mungu taa iwake kijani.

Washauri wakajaa tena. "Weka oili nzito zaidi." "Mimina ile dawa ya kopo." Oili nzito inapandisha mshale, sikatai, na roho inatulia, lakini metali za krankishafti, yaani beringi inazozungukia, zikishaachia nafasi, zimeachia. Pampu ya oili haitengenezi shinikizo, inasukuma tu. Shinikizo linatokana na oili kubanwa kwenye nafasi nyembamba. Nafasi zikipanuka, ndiyo basi. Lakini kabla ya kuihukumu krankishafti, muulize kwanza shahidi. Geji hizi ni za umeme wa volti 24, na waya mmoja wenye kutu unaweza kukuua kwa presha isiyo ya oili. Funga geji ya bomba, ile isiyotumia umeme, ndipo uamini. Yangu ilithibitisha: shinikizo kweli ni dogo.

Nikatengeneza pampu ya sindano, nikamwaga ile supu ya dizeli, nikaweka oili safi na filta mpya. Mshale ukapanda kidogo, haukufika. Nikakagua vavu ya kupunguzia shinikizo, maana chembe moja ya uchafu ikiiachisha wazi, oili yote inarudi zake chini. Safi. Basi, sampu chini, lile karai la oili lililofungwa chini ya injini.

Ndugu zangu, kwenye chujio la kunyonyea oili nilikuta silikoni nyekundu. Nyuzi za silikoni, vipande vya silikoni, imejisokota kwenye wavu mpaka nusu yake haionekani. Aliyemiliki lori kabla yangu alikuwa na vita yake na uvujaji, akapaka silikoni kila mdomo wa gasketi, nene, kwa mapenzi. Ile iliyobinuka nje ilimfurahisha. Iliyobinuka ndani ilikatika, ikaelea, ikanyonywa. Alivyopambana kuzuia oili isitoke nje ndivyo alivyoizuia isifike ndani. Nilikaa nikiibandua kwa kibanio, uzi baada ya uzi, nikimtaja kwa majina ambayo wazazi wake hawakumpa.

Sasa mshale unasimama vizuri, moto au baridi. Chini ya injini pakavu. Jirani aliyekuwa bingwa wa kukaza ameanza kuniita bosi, maana anahama mwisho wa mwezi na kitanda chake hakiingii kwenye pikapu ya mtu yeyote. Ana sharti moja tu: lori lisiingie getini kwake, kwa sababu sakafu ni mpya na yeye, eti, hawaamini watu wa silikoni.