Mugunga: tuhesabu mbabula (majiko ya makaa), tusihesabu milango

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), kwa barabara ya Sake, Mugunga ni kati ya kartie (mitaa) za mwisho za mji. Iko komini (wilaya ya mji) ya Karisimbi. Upande wa Ziwa Kivu wa barabara kuna Lac Vert, ambayo ni komini ya Goma. Mtu wa mbali akisikia Mugunga anafikiria turubai tu, na hakosei sana. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa hapo, wakakaa hadi Novemba 1996. Kuanzia 2007 wakaja ndugu zetu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Februari 2025 kambi za Bulengo na Lushagala za upande huo ziliachwa tupu ndani ya siku chache.

Ila kambi inavunjwa, kartie inabaki. Baadhi ya wakaaji wake wa kudumu walisukumwa huko na volkano ya Nyiragongo: tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na waliopoteza nyumba wakaenda kutafuta viwanja magharibi, Ndosho, Keshero na Mugunga.

Sasa ni wangapi? Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984, wakati Goma haijawa hata makao makuu ya Kivu Kaskazini. Tangu hapo tunategemea madaftari ya viongozi wa nyumba kumi na wa avenyu (barabara za kartie), na hapo ndipo ubishi wangu ulipo. Anayepita anabisha hodi, mwenye kiwanja anataja jina lake, mke na watoto, basi. Vyumba viwili vya mbao vya nyuma havitajwi, kwa sababu mpangaji anabadilika kila mara na mwenye nyumba hapendi maswali juu ya kodi anayopokea.

Dawa ni kupita jioni makala (makaa) yakiwashwa. Kila mbabula ni jamaa (familia) moja. Swali la kwanza: nani wanakula hapa? La pili: nani wanalala hapa? Mtoto anayekula kwa bibi na kulala kwa mama anaandikwa kwa mama, mara moja tu. Jamaa iliyopokea wageni wa vita ina mbabula moja na watu kumi na wanne, kwa hiyo usikisie. Wahesabu kwa majina. Mchana usijisumbue: mmoja yuko sokoni, mwingine anasukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), mama yuko ziwani na bidoni (madumu) zake. Mvua ikinyesha, ahirisha, maana jamaa mbili zinaingiza chakula kwenye mbabula moja.

Hesabu mbovu inaanzia kuumiza chooni. Chini ya udongo kidogo kuna mwamba wa lava, na shimo linachimbwa kwa baramini (mtaimbo) na nyundo, siku nyingi kwa kina kidogo. Wengi wanaishia juu juu, kisha wananyanyua kuta za mawe. Shimo lililopimiwa jamaa moja likitumiwa na tatu linajaa mapema, na mahali pa kuchimba jingine hapapo.

Kibaya zaidi ni mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi; ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani. Mbuzi, kuku na watoto wadogo wanaanza kuanguka, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. Mkubwa anayeinama kumwokota mtoto anaanguka naye. Ukikuta ndege na wadudu wamekufa bondeni asubuhi, usishuke, hata kama jua limetoka. Wenyeji wanayajua mabonde hayo moja moja. Lakini bondeni ndipo kodi inashuka, na anayepangishwa huko ni mgeni wa juzi, yule yule ambaye daftari halina jina lake. Shefu wa avenyu akitaka kumwonya hajui hata abishe mlango gani. Rangi nyekundu ya onyo kwenye jiwe la ukingoni haigharimu sana, na mawe hatukosi.