Sheki Yangu ya Saa Nane Usiku

Suruali ya harusi ilinikataa. Fundi wangu wa Kadutu, hapa Bukavu, aliivuta zipu mara tatu, akafuta jasho, akaniambia kwa adabu zote: "Papa, kitambaa ni kile kile." Zilikuwa zimebaki wiki tatu shemeji yangu aolewe, na mamkwe alikwisha fika kutoka Walungu kusaidia maandalizi.

Nikaamua kuacha wanga. Siyo wale wa usiku, ingawa nao watatokea hapa mbele. Nasema wanga wa chakula: bugali, mkate, viazi, ndizi. Siku ya kwanza nilipokula sombe, yaani kisamvu, na dagaa wa sambaza bila bugali, mke wangu alinishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Mchana nilivumilia. Shida ilikuwa usiku, tumbo likianza kuhutubia. Binamu yangu aliye Brussels akanitumia kwa simu maelezo ya sheki ya chokoleti. Ndizi usitie, alisema, maana moja ya wastani ina gramu kama 27 za wanga. Maziwa nayo yana sukari yake, kama gramu 12 kwa glasi. Weka nusu parachichi, krimu kidogo, maji baridi, stevia ya kutia utamu badala ya sukari, na vijiko viwili vya kakao isiyo na sukari. Parachichi likanifurahisha. Sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi, na kwangu linaanguka lenyewe juu ya bati usiku, hakuna aliyewahi kuliita lishe.

Kakao ndiyo iliyoniuma. Inalimwa hapa hapa Kongo, Beni na Ituri, lakini mkebe nilioupata sokoni Nyawera ulikuwa umetoka Ulaya, na ulinitoka dola 8. Wa kwanza niliumaliza kwa majaribio ambayo sitayasimulia. Ulipobaki mtupu mamkwe aliuomba, kwa sababu kifuniko chake kinakaza vizuri. Sikumuuliza wa nini. Mimi na mamkwe hatuulizani mambo. Hata kwenye korido nampisha kwa kubana tumbo ukutani, na kwa tumbo lile ilikuwa kazi. Nikanunua mkebe wa pili, ndugu pacha wa ule wa kwanza.

Sasa, umeme wa mtaani kwetu una tabia ya mwizi: unakuja watu wamelala. Ukitaka kupiga pasi, kuchaji simu au kusaga kitu chochote, unaamka nao. Jioni ya siku ile nilimsikia mamkwe akimlalamikia mke wangu: "Tumbako ya siku hizi haina nguvu. Siku mbili sijapiga hata chafya moja." Mimi mvua za Bukavu zilikuwa zimeniachia mafua, pua zote mbili zimefungwa, chafya ninazo hata za kumgawia. Nikajifunika nikalala.

Saa nane usiku friji likanguruma. Nikatoka kitandani kwa vidole, kifua wazi, na kaptula ya kulalia ambayo hata daktari sijawahi kumwonyesha. Balbu ya jikoni iliungua tangu Pasaka. Nikauma simu kwa meno, tochi ikimulika, nikakata parachichi, nikamimina maji na krimu, nikapapasa rafu iliyo juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mkebe huu hapa. Vijiko viwili, cha tatu cha kunitia moyo. Blenda ikapiga kelele kama pikipiki inayopanda mlima. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha kahawia chenye kijani kwa mbali, sawasawa na picha ya binamu.

Nikapiga funda moja la nguvu.

Kwanza kimya. Halafu ulimi ukajikunja kutafuta pa kutokea. Koo likawaka, machozi yakamwagika, masikioni zikaanza kulia kengele za kathedrali, na pua iliyofungwa kwa wiki nzima ikafunguka kwa chafya iliyorusha simu sakafuni na sheki ukutani. Nikapiga magoti mbele ya beseni. Simu ilikuwa imelala chali, tochi yake inanimulika usoni kutoka chini, kidevu kinachuruzika uji wa kijani, nami natetemeka na kuguna maneno yasiyoeleweka.

Hivyo ndivyo mamkwe alivyonikuta.

"Mulozi! Mulozi mu nyumba ya mutoto yangu!"

Mwiko wa bugali ukanifikia begani kabla sijageuka. Nikapiga kelele: "Ni mimi, mama! Naondoa wanga tu!" Hapo nikaharibu zaidi. Jirani yetu aliishi Kigoma miaka mingi, na yeye wanga anaowajua ni wale wanaosafiri kwa ungo. Alilisikia neno hilo kupitia ukuta wa mbao, akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na mbwa wote wa mtaa wakaitikia.

Mke wangu akaja na tochi. Mamkwe akaokota kikombe, akakinusa, akakaa kimya muda mrefu.

"Mukwe," akasema polepole, "uko nakunywa tumbako yangu?"

Nikamjibu kwa chafya saba mfululizo.

Akaenda chumbani, akarudi na mkebe wake, ule anaolala nao chini ya mto. Mke wangu akachovya kidole, akalamba. "Mama, hii ni kakao." Ndipo akakumbuka kwamba majuzi alipofuta rafu alikuta mikebe miwili mezani, akampelekea mama yake mmoja bila kuufungua. Kwa siku mbili mamkwe alikuwa anavuta kwa pua chokoleti ya dola 8, bila sukari, bila hata kuongeza gramu. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa anafuata mlo wangu.

Nilitapika mpaka jogoo akawika. Asubuhi nikatumwa Kadutu kulipa deni. Nilimkuta mama mmoja ameketi nyuma ya sinia lake la tumbaku, nikaomba vipimo viwili. Akanitazama usoni, akatazama bega nililokuwa nalishika, akaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Ya kunusa, papa, ao ya kunywa?"