Mpira wa Pete wa Kutokea Dirishani

Mtu anayekatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo kila mwezi kwenye umeme wa luku, ilhali jengo lenyewe ni la mama mwenye nyumba, ana haki zote za kujua majengo ya umma yanajengwaje. Kwa hoja hiyo nzito jana nilivaa shati langu la harusini, nikapanda daladala, nikaenda kusikiliza baraza la madiwani likijadili mchoro na gharama za jengo jipya la michezo na burudani. Kikao ni cha wazi kwa wananchi wote, na uwazi wake niliuona kwanza kwenye benchi la wageni, ambalo mbao zake mbili zimeachana kiasi cha kumbana mtu mzima pasipostahili.

Mezani palikuwa na mfano wa jengo wa karatasi ngumu, wenye miti ya plastiki na vijitu vidogo visivyotoka jasho. Makadirio yake yalikuwa na sifuri tisa. Nilizihesabu mara mbili.

Mambo yalikwenda kwa ustaarabu hadi diwani mmoja wa viti maalumu, mama wa makamo ambaye inasemekana enzi zake alikuwa akidaka mpira wa pete kwa mkono mmoja, alipouliza urefu wa ukumbi kwa ndani. Msanifu akajibu kwa fahari kwamba ni mita 30 kamili, hivyo uwanja wa mpira wa kikapu, wenye mita 28, unaingia na nafasi inabaki. Mama akavua miwani.

“Mstahiki Meya, uwanja wa mpira wa pete una mita 30.5. Hiyo nusu mita tunaichezea wapi?”

Msanifu akapendekeza, kwa sauti ya chini, kwamba mistari ingeweza kuvutwa ndani kidogo. Hapo mama alitoka kitini, akakunja kitenge, akaanza kupima kwa hatua kutoka meza ya katibu, huku akihesabu kwa sauti na waya wa kipaza sauti ukimfuata kama mkia, mpaka pua yake ikagusa ukuta.

“Mimi hapa ndiye mfungaji,” alisema akiwa ameutazama ukuta, “na goli liko nje. Nifungie dirishani?”

Mstahiki Meya alimwomba arudi kitini, naye akasema hawezi kurudi kwa kuwa bado yuko uwanjani. Mhandisi akaeleza kwamba ukuta ukisogezwa, nguzo nazo zitasogea, nguzo zikisogea paa litabadilika, na paa likibadilika makadirio yote yanaanza upya, kwa hiyo ile nusu mita ikazaa mamilioni, na juu ya mamilioni ikapanda VAT ya asilimia 18. Diwani mwingine akatoa hoja kwamba kamati isafiri kwanza kwenda kujifunza wenzetu wanapimaje kumbi zao, na hoja hiyo ilipigiwa makofi kuliko jengo lenyewe.

Mzee aliyebanwa pamoja nami benchini alininong’oneza kwamba ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, ambamo Nyerere alichaguliwa kuongoza TAA, chama kilichotangulia TANU, mwaka 1953, ulitokana na fedha za Mgiriki mmoja wa mkonge. Nilimjibu kwamba sisi Mgiriki hatuna, tuna luku.

Bwawa la kuogelea lilipita bila swali hata moja. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: mita 50 kwa 25, kina mita 2, ni lita 2,500,000, yaani ndoo 125,000 za lita 20, na huku kwetu maji yanatoka Jumatano usiku, tena yakijisikia! Nilinyoosha mkono, nikaambiwa mgeni haongei. Niliomba basi nielekezwe choo, nikaambiwa ufunguo anao afisa aliyekwenda kula.

Nilifika nyumbani nikakuta foleni ya ndoo imezidi baraza, na yangu ya saba, ambayo ndiyo pekee isiyovuja, mama mwenye nyumba ameisogeza juani. Mfuniko wake hauonekani. Ni wa bluu, umepasuka kidogo ukingoni, na jirani yangu wa mlango wa pili tangu asubuhi hataki kunitazama usoni.