Kipini cha Bibi

Picha pekee ya ujanani ya bibi yangu wa Bombo ilikaa chini ya godoro miaka na mikaka. Ilipotolewa ilikuwa imejaa madoa meupe na meusi, kama wali uliomwagika mchangani. Idi inakaribia, nami nikajitia fundi: "Bibi, niachie mimi."

Dawa ya madoa hayo kwenye kompyuta ni kichujio cha mediani. Unafungua dirisha dogo juu ya picha, unapanga pikseli zake, zile nukta ndogo zinazounda picha, kuanzia nyeusi hadi nyeupe, unachukua ya katikati. Doa hukaa mwisho wa foleni, halichaguliwi. Dirisha la 3 kwa 3 likaondoa vidoa. Madoa makubwa yakabaki yananikodolea macho. Nikapanda hadi 21 kwa 21: pikseli 441 za kupangwa upya kwa kila nukta! Nikalala. Asubuhi programu haijafika hata kwenye paji la uso, umeme ukakatika, na betri yangu ni ya jina tu.

Ndipo nikakumbuka mbinu ya mtafiti Huang na wenzake, ya mwaka 1979. Dirisha likisogea hatua moja, zinatoka pikseli 21, zinaingia 21. Zile 420 ni zilezile, za nini kuzisumbua? Unaweka hesabu ya kila kiwango cha kijivu kati ya 256, unapunguza zilizotoka, unaongeza zilizoingia, unaifuata ya katikati ilikojongea. Picha ikaisha chai haijapoa. Utamu ukanizidi, nikaipitisha mara tatu. Ningebaki na ile programu ya kobe, yasingenikuta.

Maana kichujio hakijui doa wala pambo. Kilicho kidogo kuliko nusu ya dirisha kinafyekwa.

Nikaichapisha kubwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nikaitundika sebuleni siku ya Idi. Ngozi laini kama samli! Bibi akaisogelea. Akashika pua yake, kisha akapapasa pua ya kwenye kioo cha picha.

"We mtoto, kipini changu kiko wapi?"

"Bibi, kimechujwa..."

"Kimechujwa! Babu yako aliuza mbuzi wawili!"

Shangazi akauliza tasbihi imekwenda wapi, maana mkono ulishika hewa. Mjomba alikuwa ameshatoka nje kucheka.

Siku hizi nikifika Bombo na kompyuta begani, bibi huvuta mtandio akafunika pua.